MGONJWA HAULIZWI UJI, SINDANO JE?

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumze juu ya kitabu kimoja cha zamani cha Kiingereza, na juu ya mambo ya kweli yaliyotokea baada ya kitabu hicho, baadhi yake kwetu Afrika Mashariki. Sababu ya kukikumbuka ni barua.

Barua hiyo ilifika kwa familia moja ya jumuiya yetu hapa Uingereza. Kijana wao wa miaka 19 ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi wetu tunauita sikoseli, na hospitali inayomtibu ilimwandikia kwamba huenda akafaa kwa matibabu mapya ya kurekebisha jeni. Familia ikatuita tukae pamoja, kama ilivyo ada yetu jambo likiwa zito. Tulikuwa watu wanane sebuleni, na birika la chai, na karatasi kumi na mbili za Kiingereza cha hospitali. Mmoja wetu akaanza kufasiri. Alipofika kwenye neno "jeni," bibi yake kijana, ambaye alikuwa kimya pembeni na tasbihi yake, akainua kichwa. "Wanataka kumtoa jini?" akauliza. "Mbona hilo tungelifanya nyumbani, bila ya kulipa nauli ya ndege?"

Tulicheka sana, na yeye mwenyewe akacheka. Lakini baada ya kicheko hakuna aliyeweza kumweleza bibi kwa ufasaha jeni ni kitu gani, wala nani ana haki ya kuigusa. Baba mkubwa wa kijana akataka kulimaliza jambo kwa methali. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema. "Dawa imekuja, apewe."

Methali hiyo ni ya huruma. Mtu akiwa hoi kitandani humwulizi kama anataka uji. Unaupika, unaupoza, unampa. Lakini uji hauna madhara. Je, sindano nayo haiulizwi? Historia ya miaka mia moja na ishirini iliyopita, ukiitazama vizuri, ni historia ya swali hilo.

KISIWA CHA DAKTARI MOREAU

Wengi wetu tunaufahamu mji wa Woking kwa ajili ya msikiti wake wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889. Miaka sita baada ya msikiti kujengwa, alihamia katika mji huo kijana mmoja mwandishi, jina lake H. G. Wells. Alikuwa mtoto wa watu wa kawaida, aliyesoma elimu ya viumbe London chini ya mwanasayansi mashuhuri T. H. Huxley. Mwaka 1896 alitoa riwaya iitwayo The Island of Doctor Moreau, yaani Kisiwa cha Daktari Moreau. Ni kitabu kifupi, na ni kitabu cha giza. Waliokisoma wakati ule wengi wao walichukizwa nacho.

Hadithi yenyewe ni hii. Prendick, bwana wa Kiingereza, anaokolewa baharini baada ya meli yake kuzama, na anatupwa katika kisiwa cha mbali cha Bahari ya Pasifiki. Huko anamkuta Daktari Moreau, ambaye zamani alikuwa na jina kubwa London, kisha akafukuzwa kwa aibu. Moreau huwapasua wanyama wakiwa hai, bila ya ganzi, akiwakata na kuwaunga ili wafanane na binadamu. Anawafundisha kusema. Anawapa sheria za kuzikariri: wasitembee kwa miguu minne, wasinywe maji kwa kulamba, wasile nyama. Chumba cha upasuaji wenyewe wanakiita nyumba ya maumivu. Prendick anapomwuliza Moreau juu ya haki ya kufanya hayo, jawabu ni kwamba suala la maadili halijapata hata siku moja kumshughulisha. Yeye anataka kujua tu umbo la kiumbe hai linaweza kubadilishwa mpaka wapi.

Mwisho wake si mwema. Mnyama mmoja anavunja pingu na kumwua daktari, na viumbe vyake vinarudi kidogo kidogo kwenye unyama. Prendick anarejea London, lakini hawezi tena kuwatazama watu usoni bila ya kuona mnyama nyuma ya kila uso.

Wells hakuandika juu ya jeni, kwa sababu neno hilo halikuwapo. Lilibuniwa mwaka 1909 na msomi wa Denmark, Wilhelm Johannsen. Lakini mambo mawili aliyaona mapema. La kwanza, kwamba mtaalamu anayetaka kujaribu bila ya kuulizwa hutafuta kisiwa, yaani mahali ambapo sheria za kwao hazifiki. La pili liko katika sababu ya kufukuzwa kwa Moreau. Katika riwaya, London ilimkasirikia kwa ajili ya mbwa aliyetoroka nyumbani kwake akiwa amechunwa. Uingereza ya kweli, tangu mwaka 1876, ilikuwa na sheria ya Bunge ya kusimamia majaribio juu ya wanyama. Sheria kama hiyo ya kusimamia majaribio juu ya watu haikuwapo.

VISIWA VYA SESE

Sasa tutoke kwenye riwaya. Miaka kumi baada ya kitabu cha Wells kutoka, daktari wa kweli alifika kwenye kisiwa cha kweli, na safari hii kisiwa kilikuwa chetu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale ulishuka kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria kama moto wa nyika. Waganda waliuita mongota, kwa jinsi mgonjwa anavyosinzia na kuinamisha kichwa. Husababishwa na kijidudu kinachobebwa na mbung'o. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 watu kiasi cha robo milioni walikufa Uganda, hasa Busoga na Buganda. Vijiji vizima vilibaki migomba na makaburi. Wakati huo dawa haikuwapo kabisa.

Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani, iliyokuwa ikitawala Tanganyika, ilimtuma Robert Koch. Huyu hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel. Msafara wake ulianzia Amani, katika milima ya Usambara, ukaenda Mwanza, kisha kwa ruhusa ya Waingereza ukavuka mpaka hadi visiwa vya Sese vya Uganda, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na wagonjwa wengi zaidi. Kambi ikawekwa kisiwa cha Bugala. Habari zikaenea kwamba mzungu ana dawa, na watu wakaja, wengine wakipakiwa kwenye mitumbwi hawawezi kusimama. Mfa maji haachi kutapatapa. Kabla ya kuondoka mwishoni mwa 1907, Koch na wenzake walikuwa wametibu wagonjwa zaidi ya elfu moja.

Dawa ilikuwa atoxyl, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Jina lenyewe lilitungwa kuonyesha kwamba dawa haina sumu. Kwa dozi ndogo, vijidudu vilipotea kwenye damu na wagonjwa wakaonekana kupata nafuu. Lakini baada ya muda vijidudu vikarudi. Koch akapandisha dozi hadi gramu moja kwa sindano. Wagonjwa wakapata kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, na wengine wakaanza kutoroka kambini. Watu zaidi ya 20 walipofuka macho, na macho hayo hayakurudi. Ndipo dozi kubwa ikaachwa. Aliporudi Ujerumani, Koch alipendekeza wagonjwa wakusanywe katika makambi watengwe na wazima, na makambi kama hayo yakajengwa upande wa Wajerumani, kwenye maeneo ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Waingereza nao waliwahamisha wakazi wote wa visiwa vya Sese, na visiwa vikabaki vitupu kwa miaka.

Tusimhukumu mtu bila ya kumsikiliza. Koch angeweza kusema kwamba watu wale walikuwa wanakufa, kwamba hakuna aliyekuwa na dawa iliyo bora zaidi, na kwamba wengi walikuja kwa miguu yao. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo haliachi nafasi ya udhuru. Tarehe 29 Desemba 1900, serikali ya Prussia, ambako Berlin ilikuwa ndiyo mji mkuu, ilitoa agizo kwa wakuu wote wa hospitali. Ilifanya hivyo baada ya kashfa ya daktari mmoja, Albert Neisser, aliyewadunga wanawake maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila ya kuwaambia. Agizo lilisema kwamba majaribio yasiyokuwa ya kumtibu mgonjwa mwenyewe hayaruhusiwi mpaka mtu aelezwe madhara yanayoweza kutokea, na akubali kwa kauli iliyo wazi. Watoto wasiguswe kabisa.

Kwa hiyo, miaka sita kabla ya Sese, Berlin ilikuwa inajua kwamba mtu huulizwa. Mtu atasema kwamba agizo lilihusu majaribio, na Koch alikuwa anatibu. Lakini kupandisha dozi ya sumu ili kuona kijidudu kitaondoka au hakiondoki ni kutibu na kujaribu kwa wakati mmoja. Katika hospitali ya Berlin jambo hilo lingezusha swali. Bugala halikuzusha, kwa sababu Bugala ilikuwa kisiwa.

KUTOKA REHOBOTH HADI NUREMBERG

Miaka ile ile, upande wa pili wa Afrika, palizaliwa jambo lililokaribia zaidi suala la jeni. Mwaka 1908, katika nchi ambayo leo ni Namibia, ambako majeshi ya Kijerumani yalikuwa yametoka kuwaangamiza Waherero na Wanama, alifika Eugen Fischer. Akaenda Rehoboth kwa watu waliozaliwa na baba wa Kizungu na mama wa Kiafrika. Akawapima vichwa, akaandika rangi ya macho na aina ya nywele, akachora koo zao. Mwaka 1913 akatoa kitabu kudai kwamba sifa za watu hurithiwa kama rangi za maua ya njegere, na akashauri ndoa za mchanganyiko zizuiwe.

Fikra hiyo ya kuchagua nani azae na nani asizae haikuanza na yeye. Mwingereza Francis Galton aliipa jina mwaka 1883, na katika Marekani na nchi kadhaa za Ulaya zilitungwa sheria za kuwafunga watu uzazi. Sisi watu wa pwani, ambao babu mmoja ametoka Hadhramaut, bibi Ngazija, na mwingine bara, tungekuwa chakula kizuri cha rula ya bwana Fischer.

Mwaka 1927 Fischer alifanywa mkuu wa taasisi mpya Berlin ya kuchunguza urithi wa binadamu. Mwaka 1937 mamia ya watoto wa Kijerumani ambao baba zao walikuwa askari wa makoloni katika jeshi la Ufaransa walifungwa uzazi kwa siri, na Fischer alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotumika kuwatambua. Mwaka 1942 taasisi yake ilishikwa na Otmar von Verschuer. Mwanafunzi wa Verschuer aliitwa Josef Mengele. Kuanzia Mei 1943 Mengele alikuwa daktari wa kambi ya Auschwitz, akiwachagua watoto mapacha, akiwapima, akiwadunga, na baadhi yao akiwaua ili apate kuwapasua, na viungo vikipelekwa Berlin. Kisiwa cha Moreau sasa kilikuwa na reli, na stempu za serikali.

Ujerumani ilikuwa na maagizo mengine ya mwaka 1931, yaliyo bora kuliko ya 1900. Hayakumwokoa mtoto hata mmoja. Hili ni somo zito kwa wanaodhani kwamba sheria ikishaandikwa kazi imekwisha. Sheria humlinda yule tu ambaye watu wameshakubali kwamba ni mtu.

H. G. Wells alifariki London Agosti 1946. Miezi minne baadaye, katika mji wa Nuremberg, ilifunguliwa kesi ya watu 23, wengi wao madaktari. Hukumu ilitolewa Agosti 1947: 16 walipatikana na hatia, na 7 kati yao walihukumiwa kunyongwa. Majaji wakaandika kanuni kumi za majaribio juu ya binadamu. Ya kwanza kabisa ni kwamba ridhaa ya mtu mwenyewe, kwa hiari yake na kwa kuelewa, ni lazima.

WANAUME THELATHINI

Baada ya Nuremberg, mtu angetegemea mambo yabadilike mara moja. Huko Alabama, Marekani, serikali iliendelea kuwatazama wanaume weusi 399 wenye kaswende bila ya kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwapo, tangu mwaka 1932 mpaka gazeti lilipofichua mwaka 1972. Rais aliyeomba radhi ni Clinton, mwaka 1997.

Lakini mfano unaomgusa zaidi kijana wetu ulitokea Kenya. Anthony Allison alikuwa daktari aliyekulia Kenya. Aliona kwamba chembe ya selimundu inapatikana kwa wingi kwenye sehemu za malaria, kama pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni chache kwenye milima. Akafikiri kwamba anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa wa selimundu, bali anapata kinga ya malaria. Na ndiyo sababu chembe imebaki katika damu zetu, ijapokuwa inamtesa yule anayeirithi kwa wazazi wote wawili. Ili kuthibitisha, alichukua wanaume wa Kijaluo 30, ambao ameandika kwamba walijitolea: 15 wana chembe hiyo na 15 hawana. Wote wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasiokuwa na chembe, 14 waliugua. Kati ya wale wenye chembe, waliougua ni 2. Kisha wakatibiwa. Matokeo yalichapwa mwaka 1954.

Leo jambo hilo linafundishwa katika skuli nyingi duniani zinazofundisha elimu ya viumbe. Jina la Allison linatajwa, na anastahili, kwani elimu ile ni ya kweli na ina faida. Majina ya wale 30 hayatajwi. Walibeba homa ile miilini mwao, na kila daktari anayemtibu mtoto wa sikoseli, awe Muhimbili au London, anasimama juu ya mabega yao.

MKASI WA JENI

Sasa turejee kwenye ile barua. Himoglobini ndiyo inayobeba hewa katika damu. Mwenye selimundu ana kosa moja dogo katika jeni ya himoglobini, basi chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa, na huleta yale maumivu ambayo mama yeyote aliyekesha na mtoto huyo hana haja ya kuelezwa. Tanzania peke yake inakadiriwa kuwa na watoto zaidi ya 10,000 wanaozaliwa nao kila mwaka.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyojikunja. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima. Matibabu mapya, yaitwayo Casgevy, hutoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, huzipeleka maabara, na kwa mkasi wa kikemikali uitwao CRISPR hukata ile swichi iliyoizima himoglobini ya utotoni, ili iwake tena. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho wa mifupa, hukaa hospitali kwa wiki kadhaa, na dawa hiyo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Uingereza iliidhinisha matibabu haya Novemba 2023, ya kwanza duniani, na mwanzoni mwa 2025 yakakubaliwa kutolewa bure kwa baadhi ya wagonjwa wa selimundu wa England. Bei iliyotajwa ni zaidi ya pauni milioni moja na nusu kwa mtu mmoja. Katika jaribio lililotumika kuyaidhinisha, wagonjwa 28 kati ya 29 walipitisha angalau mwaka mzima bila ya maumivu makali. Idadi hiyo inatia moyo. Pia ni watu 29 tu.

Mkasi huo huo, Novemba 2018, mwanasayansi wa China He Jiankui alitangaza kwamba ameutumia kwenye mimba changa, na wasichana mapacha wameshazaliwa wakiwa na jeni zilizokatwa. Alidai anawakinga na virusi vya UKIMWI. Dunia ilishtuka, kwa kuwa kilichokatwa kwenye mimba hurithiwa na watoto na wajukuu. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Tofauti ya mambo haya mawili si mkasi. Kijana wa miaka 19 anakatwa jeni za uboho wake, haziendi kwa watoto wake, naye anaweza kusema ndiyo au hapana. Wale mapacha hawakuweza kuulizwa, wala vizazi vyao.

SEBULENI

Tumeyasema haya yote siku ile, kwa vipande, mpaka chai ikapoa. Baba mkubwa alishikilia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwamba dawa ya bure ya pauni milioni haikataliwi. Mama yake kijana alikuwa akilia kwa ajili ya suala la uzazi. Mmoja wetu alieleza jinsi miaka mingi nyuma, mgeni katika nchi hii na Kiingereza chake cha kuokoteza, alivyotia saini karatasi ya hospitali iliyofasiriwa na mwanawe wa miaka tisa, na mpaka leo hajui alikubali nini. Mwingine akasema watu weusi wameshafanyiwa ya kutosha, kijana abaki na vidonge vyake.

Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukubaliani na huyu wa mwisho, ingawa hasira yake tunaielewa. Waliopofuka Sese walipofuka kwa kutoulizwa, na jawabu la kutoulizwa si kukataa kila kitu. Akikataa kwa woga, amechaguliwa na Koch. Akikubali kwa pupa, amechaguliwa na bei. Tunaloomba ni kwamba kila mmoja wetu adai haki ambazo wengine wamezilipia kwa macho yao. Una haki ya mkalimani wa hospitali, asiwe mtoto wako. Una haki ya kuichukua karatasi nyumbani na kulala nayo. Una haki ya kuuliza wangapi wamefanyiwa, wangapi wameumia, na kama kuna njia ya kuhifadhi mbegu za uzazi kabla ya kuanza. Una haki ya kujua damu yako itakayobaki maabara itatumika kwa kazi gani. Na una haki ya kusema hapana bila ya kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Kuuliza si ujinga. Kati yetu wamo wauguzi na wafasiri ambao wako tayari kukaa na familia yoyote na kusoma karatasi mstari kwa mstari. Anayehitaji awaone viongozi wa jumuiya.

Karibu na magharibi, maneno yakiwa bado yanapanda na kushuka, bibi aliweka tasbihi chini.

"Nyinyi mmekaa hapa tangu adhuhuri," akasema. "Mmetaja Wajerumani, mmetaja Wachina. Huyu mwenye damu yake amekaa hapo, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza."

Tukanyamaza. Ilikuwa kweli. Watu wanane, wote na nia njema, na methali ya uji mikononi.

Kijana akasema ana maswali saba, ameyaandika kwenye simu. La kwanza lilikuwa kama baada ya matibabu ataweza kuruka mawimbi ya baridi baharini na wenzake, jambo ambalo hajawahi kuthubutu. La pili lilikuwa juu ya watoto. Mama yake akatoka jikoni akakaa karibu naye, na mmoja wetu akachukua kalamu, tukaanza kuyaandika kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, ili aende nayo hospitali.

Mpaka tunakwenda mitamboni, hajatoa jawabu. Hana haraka, na sisi tumejifunza kutomharakisha.